Sheria ya Nchi na Mabadiliko ya Tabianchi: Amana Iliyoandikwa katika Katiba ya Uganda

(Maneno yaliyosomwa mbele ya Waislamu waliokusanyika siku ya ukumbusho wa Chama)

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, wazee kwa vijana, akina baba na akina mama: siku ya ukumbusho wa chama aghalabu hutajwa waliotangulia, waliotoa ardhi, waliobeba mawe, waliochanga senti zao mpaka msikiti ukasimama na madrasa ikafunguliwa. Ni haki yao watajwe na waombewe. Lakini mwenye kurithi kitu huulizwa maswali mawili. La kwanza, ni nani aliyekuachia? La pili, nawe utamwachia nani, na kitakuwa katika hali gani? Swali la pili ndilo lililoleta mazungumzo haya, kwa kuwa msikiti haujengwi hewani. Hujengwa juu ya ardhi, karibu na maji, katikati ya watu wanaokula kwa kulima na kufuga. Ardhi ikiporomoka, na maji yakipanda au yakikauka, wakfu wa wazee hausalimiki.

Kwanza yafaa kueleza jambo lenyewe. Mabadiliko ya tabianchi ni kugeuka kwa joto na mvua za dunia kwa muda mrefu, na sababu yake kubwa katika zama hizi ni kazi za mikono ya watu. Makaa ya mawe, petroli na gesi vinapochomwa, na misitu inapokatwa, hewa ya ukaa huzidi angani na kulizuia joto lisitoke, kama blanketi zito juu ya mtu aliyelala. Kabla ya viwanda kuenea ulimwenguni, hewa hiyo ilikuwa kiasi cha sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa imezidi 420. Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wenye joto kubwa kupita yote tangu vipimo vilipoanza kuwekwa.

Mkulima wa Uganda hakuhitaji vipimo ili aone. Mnamo Machi 2010, kijiji cha Nametsi katika wilaya ya Bududa, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, kilifunikwa na maporomoko ya udongo, na watu kwa mamia wakafa. Mei 2013 Mto Nyamwamba ulifurika Kasese, na Mei 2020 mafuriko yakarudi huko na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mwezi huo huo wa Mei 2020, Ziwa Victoria, linalopimwa Jinja, lilifika mita 13.42, likaipita alama ya mita 13.41 iliyowekwa mwaka 1964. Na Mei 2024 likapanda tena kupita hapo. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku katika mji wa Mbale, na watu zaidi ya ishirini wakapoteza maisha. Hali kadhalika, barafu ya milima ya Rwenzori, iliyochorwa katika ramani na wapandaji wa Kitaliana mwaka 1906, sehemu yake kubwa imekwisha yeyuka.

Mwenye insafu atasema: mvua kubwa si jambo geni, na ziwa lilipata kufurika tangu zamani. Ni kweli, na alama yenyewe ya 1964 ni ushahidi. Lakini wataalamu wamebainisha kwamba hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, na kwa hiyo mvua inaponyesha huweza kushuka kwa nguvu zaidi, na ukame unapokuja huuma zaidi. Tena mteremko uliokatwa miti, na kinamasi kilichofukiwa, huigeuza mvua ambayo ingekuwa neema ikawa msiba. Basi mambo mawili yamekutana: kosa lililofanywa mbali na kosa lililofanywa karibu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Lakini nyasi nazo zikikubali kung’olewa mizizi, hazina cha kuzishika siku ya tufani.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Uganda imetoa sehemu ndogo mno ya hewa ya ukaa ya ulimwengu. Kwa nini basi nchi kama hiyo ijitungie sheria juu ya jambo ambalo wengine ndio waliolianzisha? Jawabu ni kwamba sheria hiyo ina kazi mbili. Moja ni kupunguza, yaani kuzuia hewa hiyo isizidi. Ya pili ni kujihimili, yaani kuwakinga watu na madhara ambayo yamekwisha fika. Nchi maskini yaweza kuwa na deni dogo katika kazi ya kwanza, lakini katika ya pili ina haja kubwa kuliko tajiri. Tajiri akipoteza nyumba ana bima. Maskini akipoteza shamba la mteremkoni amepoteza chakula, ada za watoto na kaburi la babaye kwa siku moja.

Msingi wa sheria zote za Uganda ni Katiba ya mwaka 1995. Ibara ya 39 yasema kwa ufupi kwamba kila Mganda ana haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 17 yauweka upande wa pili wa mizani: kuyatunza mazingira hayo ni wajibu wa kila raia. Ibara ya 245 yaliamuru Bunge litunge sheria za kuyalinda. Na Ibara ya 237, inayohusu ardhi, yasema kwamba maziwa, mito, vinamasi, misitu ya hifadhi na mfano wa hivyo vimo mikononi mwa Serikali, ya taifa au ya wilaya, kwa amana, kwa ajili ya wananchi wote.

Neno hilo la amana lastahili kutazamwa vizuri, maana Muislamu alijua uzito wake kabla ya katiba kuandikwa. Aliyewekewa amana si mwenye mali. Hana rukhsa ya kuiuza, wala kuigawia marafiki zake, wala kuiacha ioze. Huulizwa juu yake, na akiiharibu kwa kusudi au kwa uzembe hudaiwa. Kwa hiyo Katiba inaposema kwamba kinamasi ni amana, imesema kwamba afisa anayetoa hati ya kukifukia anatoa kisicho chake, na mtu anayeipokea hati hiyo amepokea kisichotoleka. Na imesema pia kwamba mwananchi aliye mnyonge kabisa ni miongoni mwa wenye mali, na ana haki ya kuuliza.

Juu ya msingi huo zikajengwa sheria nyingine. Mwaka huo huo wa 1995 ilitungwa sheria ya mazingira iliyoanzisha Mamlaka ya Taifa ya Mazingira. Mwaka 2000 zikatoka kanuni za vinamasi, kingo za mito na fukwe za maziwa, zilizoweka mpaka wa kutolimwa wala kujengwa: mita 200 kutoka maji ya maziwa makubwa kama Victoria na Kyoga, mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa, na mita 30 kwa mito iliyobaki. Mwaka 2003 ikaja sheria ya misitu na upandaji wa miti. Mwenye kusoma fiq’hi hatazishangalia mita hizo. Wanavyuoni wa kale walikwisha weka harim, yaani eneo la kando ya kisima, chemchemi na mto ambalo halimilikiwi na mtu wala halijengwi, ili maji yasiharibiwe na wenye haja nayo wasizuiliwe. Na malisho yaliyohifadhiwa kwa maslaha ya umma yaliitwa hima. Majina yametofautiana, lakini hekima ni moja.

Kwa upande wa mataifa, Uganda iliridhia mwaka 1993 Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya mabadiliko ya tabianchi, na mwaka 2016 ikauridhia Mkataba wa Paris uliofikiwa mwaka 2015. Mwaka 2015 Serikali ilitoa sera yake ya taifa juu ya jambo hili. Lakini sera ni maneno ya nia. Haimfungi mtu wala haimpeleki mahakamani. Ndipo ikatungwa sheria mpya ya mazingira ya mwaka 2019, iliyokwenda mbali hata ikasema kwamba maumbile yenyewe yana haki ya kuwapo, kudumu na kujirudishia uhai wake. Kisha mwaka 2021 ikapatikana Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi. Kenya ilikuwa imetangulia kwa kutunga sheria yake mwaka 2016.

Sheria hiyo ya 2021 ina mambo manne ambayo kila raia yampasa ayajue.

La kwanza, imeipa mikataba ya mataifa nguvu ya sheria ndani ya nchi. Ahadi iliyotolewa ugenini imekuwa deni la nyumbani. Miongoni mwa ahadi hizo ni ile ya mwaka 2022, kwamba ifikapo 2030 Uganda itapunguza hewa hizo kwa asilimia 24.7 kuliko kiasi ambacho kingefikiwa kama mambo yangeachwa yaende kama yalivyo.

La pili, imeagiza pawepo mpango wa taifa na mipango ya wilaya. Kazi haikuachwa Kampala peke yake. Idara ya maliasili ya kila wilaya imepewa jukumu la mambo ya tabianchi katika eneo lake. Kwa hiyo mwananchi wa Mbale au Kasese au Arua anayetaka kujua mji wake umejiandaaje hana haja ya kupanda basi kwenda makao makuu ya nchi. Mlango wa kubisha uko wilayani kwake.

La tatu, imegusa fedha. Mapendekezo ya bajeti hutakiwa yapate hati ya kuthibitisha kwamba yamezingatia mabadiliko ya tabianchi na kutenga fedha za kutosha kwa kazi hiyo. Mtu mzima aliyeendesha nyumba hahitaji kuelezwa maana yake. Jambo lisilotengewa fedha halijakusudiwa.

La nne, na pengine ndilo kubwa, imeufungua mlango wa mahakama. Mtu aweza kwenda Mahakama Kuu kuishitaki Serikali, au mtu binafsi, au kampuni, ambaye kitendo chake au kuacha kwake kutenda kunahatarisha juhudi za kupunguza au za kujihimili. Mahakama yaweza kuzuia kitendo, kuamuru kazi ifanywe, au kuamuru aliyedhurika alipwe. Hata kabla ya hapo, Ibara ya 50 ya Katiba ilikwisha ruhusu mtu au chama kumtetea mwingine ambaye haki yake imevunjwa.

Je, mlango huo umepitwa? Umepitwa, ingawa njia yake imekuwa ndefu. Mwaka 2012, kabla ya sheria hii kuwapo, watoto kadhaa walipeleka shauri Mahakama Kuu ya Kampala dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Mamlaka ya Mazingira, wakidai kwamba Serikali, iliyo mdhamini wa amana, haikuilinda hewa na maumbile kwa ajili yao na wajao baada yao. Shauri likaelekezwa kwenye upatanishi, na miaka ikapita bila hukumu. Mwaka 2020 watu wa Bududa waliofikwa na maporomoko ya Desemba 2019 nao walikwenda mahakamani Mbale, wakisema kwamba khatari ya mteremko ule ilijulikana, na wenye dhamana hawakutimiza wajibu wao. Watoto wa 2012 wamekwisha kuwa watu wazima. Haki inayochelewa humfika mwenyewe akiwa amekwisha choka, na hili ni kasoro ambayo sheria nzuri peke yake haiwezi kuiponya.

Zipo kasoro nyingine, na si insafu kuzificha.

Kasoro ya kwanza ni kwamba nchi ina nia mbili zinazovutana. Kwa mkono mmoja imeahidi kupunguza hewa ya ukaa. Kwa mkono wa pili inachimba mafuta katika bonde la Ziwa Albert, na kujenga bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, nchini Tanzania. Wanaoitetea kazi hiyo husema: mataifa tajiri yalijijenga kwa mafuta, na si haki maskini azuiwe kuuza alichopewa na Mola wake ili ajenge shule na hospitali. Wanaoipinga husema: faida ya miaka michache itawaachia wajukuu khasara isiyo na mwisho, na ardhi na maji yaliyopitiwa na bomba yamo katika khatari. Vyama kadhaa vilipeleka shauri mwaka 2020 katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Novemba 2023 mahakama hiyo ililitupa kwa kuwa lilifunguliwa baada ya muda uliowekwa. Yaani lililoamuliwa hapo ni tarehe, na kiini cha ugomvi hakikuguswa. Katika hili lipo funzo hata kwa asiyehusika na mafuta: mwenye haki akilala, haki yake hulala naye.

Kasoro ya pili ni jinsi sheria inavyomwangukia mtu. Katikati ya mwaka 2024, katika kinamasi cha Lubigi pembeni ya Kampala, nyumba za watu zilibomolewa kwa amri ya wenye mamlaka ya mazingira. Kinamasi ni amana, na kukirudisha ni haki. Lakini miongoni mwa waliobomolewa walikuwamo watu waliokaa hapo miaka mingi, wakiona viongozi wakipita na hakuna aliyewakataza. Mdhamini aliyenyamaza siku za kujengwa hana budi kuulizwa siku ya kubomolewa. Na sheria inayomfikia mwenye kibanda upesi, na mwenye ghala ikamfikia pole pole, hupoteza heshima yake katika nyoyo za watu, hata kama maneno yake ni ya haki.

Kasoro ya tatu imo jikoni. Nyumba zaidi ya tisa katika kila kumi nchini Uganda hupika kwa kuni au makaa. Mei 2023 Rais alitoa amri ya kukataza uchomaji wa makaa ya biashara katika sehemu za kaskazini, kwa kuwa misitu ya huko ilikuwa ikiteketea. Amri ilikuwa na sababu nzuri. Lakini mama anayepika uji wa mtoto hawezi kuisubiri sera. Akikatazwa makaa na asipewe gesi au umeme kwa bei anayoimudu, atayanunua makaa yale yale kwa njia ya magendo na kwa bei kubwa zaidi. Sheria inayokataza bila kumpa mtu njia nyingine humfundisha kuivunja.

Pamoja na kasoro hizo, lingekuwa kosa kusema kwamba sheria haina maana. Kabla yake, aliyefikwa na maafa alikuwa mwombaji wa msaada. Sasa ni mwenye haki anayedai. Tofauti baina ya hao wawili ni kubwa. Mwombaji hupewa blanketi na unga, akaambiwa ashukuru. Mwenye haki huuliza kwa nini hakuhamishwa mapema, kama walivyohamishwa baadhi ya watu wa Bududa kwenda Kiryandongo baada ya 2010 na kwenda Bulambuli kuanzia mwaka 2019. Na kwa nini onyo halikumfika kabla ya mvua. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ilitoa rai kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria wa kuilinda tabianchi, na kwamba kuuvunja wajibu huo kwaweza kuleta madai ya fidia. Kwa hiyo kinachodaiwa na mkulima wa mteremkoni si fadhila tena, wala kinachodaiwa na nchi maskini kwa tajiri si sadaka.

Linabaki swali la mwisho: jumuiya ya Waislamu ina nafasi gani katika haya?

Nafasi yake ya kwanza ni katika mali zake yenyewe. Kila wakfu una wadhamini, na wadhamini hao wajue mipaka ya ardhi waliyokabidhiwa: iko umbali gani na mto, iko juu ya mteremko gani, maji ya mvua hupita wapi. Madrasa iliyojengwa ndani ya mita 30 za mto ina khatari mbili, ya mafuriko na ya sheria. Si vyema kudai amana itunzwe na Serikali huku amana ya msikiti imepuuzwa. Mitaro izibuliwe kabla ya masika, miti ipandwe pale ardhi inapohitaji kushikwa, na maji ya wudhu yasifanyiwe israfu.

Nafasi ya pili ni katika baraza la wilaya. Mpango wa wilaya juu ya tabianchi ni karatasi ya umma, na bajeti vile vile. Chama kikichagua watu wawili au watatu wenye kusoma vizuri, wakaenda wakaomba kuiona, wakauliza kwa adabu ni kiasi gani kimetengwa kwa mitaro, kwa maonyo na kwa kuwahamisha walio khatarini, watakuwa wamefanya kazi kubwa kuliko malalamiko ya mwaka mzima. Na kwa kuwa mto haumuulizi mtu dini yake, waende pamoja na majirani Wakristo na wengineo. Maslaha ni ya wote, na sauti ya wengi husikika.

Nafasi ya tatu ni kutunza kumbukumbu. Waliozidiwa na maji mahakamani huulizwa ushahidi. Siku ya mafuriko, maji yalifika wapi? Nani alionywa, na lini? Barua gani ilipelekwa kwa mkuu gani, na jibu lilikuwa nini? Msikiti una katibu na una daftari. Mambo haya yakiandikwa siku yanapotokea, yatamfaa mjane na yatima siku ya kudai.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sheria ya nchi imeuonyesha ufa, ikataja nani azibe, kwa fedha gani, na ashitakiwe wapi asipoziba. Kuijua ni juu ya wananchi wenyewe. Wazee waliotoa ardhi ya wakfu hawakujua majina ya watakaosali juu yake baada ya miaka hamsini au mia, na bado walitoa. Anayelinda mto na mlima leo naye hatayajua majina ya watakaokunywa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape subira waliofikwa na misiba ya maji na udongo, awaongoze wenye madaraka katika uadilifu, na ajaalie mvua zake ziwe za rehema. Amin.